Shimo Chini ya Lifti

Watu wakiingia kwenye lifti hutazama namba zilizo juu ya mlango. Sijawahi kumwona mtu akitazama chini, na siwalaumu, maana sakafu haina cha kusoma. Kazi yangu mimi iko chini ya hiyo sakafu. Kila lifti ina shimo lake, mita moja na nusu hivi chini ya usawa wa mlango wa kwanza, na humo hufungwa springi, nyaya na swichi ya usalama. Maji yakiingia humo, swichi inaharibika na lifti inasimama popote ilipo, pamoja na yeyote aliyemo. Mimi huitwa kuhakikisha maji hayaingii. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo ni shimo moja tu nililolitilia saini bila kulishukia. Nasimulia hilo.

Jengo liko Kahama, nyuma ya soko, lina ghorofa nne. Mwenyewe ni Mabula, mtu aliyechimba dhahabu kwenye machimbo madogo ya Msalala mpaka akaipata, kisha akafanya jambo ambalo wengi wakiipata hawalifanyi, yaani akaacha kuchimba. Alijenga maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Lifti aliiweka kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Mwigulu. Walikuwa na duara pamoja, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia dhahabu, Mabula akisimamia juu na Mwigulu akiwa mkuu wa duara kule chini. Kwa utaratibu wao, mkuu wa duara huzama wa kwanza na kutoka wa mwisho. Mwaka 2011 maji ya duara la jirani lililokuwa limeachwa yalipasua ukuta wakiwa kazini. Mwigulu alibaki chini mpaka wenzake saba wakavutwa kwa kamba, na zamu yake ilipofika, matimba ya kuzuia kuta yakamwangukia mgongoni. Tangu siku hiyo miguu yake haimtii. Mabula alimwekea duka la vifaa vya wachimbaji, sururu na kofia ngumu na kamba, na alipoanza kujenga akamwahidi chumba cha ghorofa ya nne, upande wenye upepo. Nilimuuliza kwa nini asimpe chumba cha chini, pembeni mwa duka, tukaepuka habari ya lifti kabisa.

"Amekaa chini vya kutosha," Mabula akasema.



Niliitwa mwezi wa tisa. Wakati huo Kahama ni vumbi tupu, na ule udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka nyufa za kuingia mkono. Nikiwaambia watu kwamba mwezi wa tatu maji yatakuwa hatua mbili chini ya sakafu yao, wananitazama kwa huruma. Udongo ule ukishiba mvua hauruhusu maji yashuke. Yanakaa palepale, na ukiwa umechimba shimo ukalijengea zege, yanalisukuma kutoka pande zote na kutoka chini, mchana na usiku, yakitafuta tundu. Zege peke yake halitoshi, maana lina vijitundu. Inabidi kuta na sakafu zipakwe dawa ya kuzuia maji, mara tatu, kila pako likisubiri lililotangulia likauke, na kona zote zifinyangwe mviringo kwa saruji, kwa sababu kona kali ndipo ufa unapoanzia. Haya huwa nayaeleza kila mahali na kila mahali naulizwa kama hakuna njia ya mkato.

Mabula hakutaka mafundi wa mjini. Alileta vijana sita waliowahi kuchimba naye, na msimamizi wao akawa Mwigulu, kwenye kiti chake cha magurudumu, ukingoni mwa shimo. Lazima niseme ukweli kwamba sijaona shimo lililochimbwa vizuri kama lile. Kuta zilisimama wima kama zimekatwa kwa kisu. Nilipoweka pimamaji sikupata cha kusahihisha, na mimi ni mtu wa kutafuta cha kusahihisha.

Siku ya tatu nilishuka kukagua zege. Nilikuwa bado kwenye ngazi nilipoona vijana wanaweka zana chini, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Nilidhani ni saa ya chai. Hawakurudi siku hiyo wala ya pili yake.

Mwigulu ndiye aliyenieleza. "Shikamoo, mzee," nilimwambia asubuhi ya siku ya tatu ya mgomo.

"Marahaba, Mama Martina. Kaa." Alinionyesha ndoo iliyogeuzwa. "Vijana hawagombani na wewe. Ila kwenye duara mwanamke hazami. Akizama, mali inakimbia."

"Mali ipi ikimbie hapa, mzee? Kokoto?"

Alicheka kidogo. "Hata mimi najua hakuna. Lakini mchimbaji akiwa na hofu, mkono wake hautulii. Waache wamalize. Mimi nipo hapa, nakuwa macho yako."

Nilikasirika, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia hilo ni shimo la lifti, lina ngazi ya hatua nne, na kwamba nimeshuka mashimo ya hoteli na benki na hakuna kilichokimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha tukaelewana hivi: dawa ningepaka mwenyewe, vijana wakiwa mapumzikoni, na nikishamaliza, shimo lingekuwa lao mpaka wakabidhi.

Nilipaka. Mara tatu, kwa brashi, kwa siku tatu, peke yangu, magoti yakiniuma. Ilipokauka tukajaza maji mpaka kimo cha kifua, nikachora alama ukutani, tukasubiri siku tatu. Maji hayakupungua hata upana wa kidole. Nilifurahi. Nikawaambia wayatoe, wafunge ngazi ya chuma na kuchapia lipu kingo za juu, nikaenda Shinyanga mjini kwa kazi nyingine.

Niliporudi baada ya wiki mbili, vijana walikuwa shimoni wakisafisha. Mwigulu alikuwa ukingoni.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, jambo ambalo alilifanya akiwa na furaha tu. "Kazi imekwisha. Siku mbili tu hawa waondoke, utashuka ukitaka."

Mafundi wa kufunga lifti walikuwa wanafika kesho yake, na hawaanzi mpaka fomu ya shimo iwe na saini. Ningeweza kusema naomba vijana watoke nishuke sasa hivi. Wangetoka, wangekasirika, ningebishana na Mabula kwa simu, na jioni ningekuwa bado sijafika nyumbani. Nilichoka. Hiyo ndiyo sababu, na nyingine zote nilizitunga baadaye. Nilimulika kwa tochi kutoka juu. Sakafu ilikuwa laini, ya kijivu, kavu. Kwenye kona ya kushoto kulikuwa na kipande cha bati, na juu yake ndoo ya mchanga. Nilidhani ni vitu vyao vya usafi. Nikasaini nikiwa nimesimama, nimeegemeza fomu kwenye mgongo wa kiti cha Mwigulu.

Lifti ilianza kazi mwezi wa kumi na moja. Mabula alinipigia simu kunieleza kwamba Mwigulu amepanda na kushuka mara tisa siku ya kwanza, bila shughuli yoyote. Asubuhi alikuwa akishuka dukani mwenyewe, bila kubebwa na mtu, na saa saba anapanda kula, anashuka tena. Baada ya miaka kumi na mitatu ya kuinuliwa na watu kama gunia, alikuwa anabonyeza kitufe. Nilijisikia vizuri kwa siku nzima, kitu ambacho kazi yangu hainipi mara nyingi, kwa sababu nikiifanya sawasawa hakuna kinachotokea.

Mwezi wa tatu, Jumanne, saa nane mchana, Mabula alipiga tena. Hakusalimia.

"Dawa yako imeshindwa," akasema.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Dorah, muuza vitambaa wa duka la mwisho, alikuwa akilalamika tangu wikiendi juu ya harufu ya maji yaliyolala. Jumanne hiyo saa nne asubuhi Mwigulu aliingia kwenye lifti ghorofa ya nne kushuka dukani. Ilipopita ghorofa ya pili ikasimama. Taa ikazimika. Ufunguo wa kufungulia milango ulikuwa Mwanza kwa fundi. Mwigulu alikaa humo, gizani, kwa muda wa saa tatu. Wale vijana wake ndio waliokuja na nondo wakabandua mlango, wakamkuta mikono imeshika magurudumu. Wakamuuliza wampeleke wapi. Akasema juu.

Nilipofika Kahama saa kumi na moja, duka lilikuwa limefungwa na mwenyewe yuko chumbani kwake, ameagiza asisumbuliwe. Mabula alinipokea mlangoni pamoja na vijana wote sita. Mmoja wao, Edson, mrefu kuliko wenzake, alimwambia Mabula kwa sauti ya kunisikilizisha kwamba wao walisema tangu mwanzo, mwanamke alizama.

Nilivaa mabuti. Fundi wa Mwanza alikuwa amekwisha kufika, ameipandisha lifti kwa mkono mpaka ghorofa ya tatu na kuifunga huko, mlango wa chini ukiwa wazi. Maji yalikuwa yamefika nusu ya springi, masafi kabisa, unaona chini. Tukaweka pampu. Yalipobaki kimo cha kifundo nikashuka zile hatua nne, na hakuna aliyenizuia.

Nilianza kwa kupapasa kuta, kwa sababu nilitaka sana kosa liwe ukutani. Kuta zilikuwa kavu juu ya maji. Kona zilikuwa nzima. Nikaenda kwenye kona ya kushoto na kuinua kile kipande cha bati.

Chini yake kulikuwa na kishimo cha mviringo, kina cha ndoo ndogo, kilichochongwa kwa tindo ndani ya zege na kupita dawa yangu yote matabaka matatu. Kilichongwa kwa ustadi. Ukingo wake ulikuwa umelainishwa kwa saruji, na kutoka katikati yake maji yalikuwa yakipanda taratibu, bila haraka, yakitikisa mchanga.

Niliutambua ule mkono. Ni mtu mmoja tu aliyechonga, au aliyechongesha, vitu vyenye kingo kama zile. Wafunga lifti bila shaka walikiona wakadhani kimo kwenye mchoro. Na mimi ningekiona kwa kuinua ndoo moja. Nilisimama humo kitambo, maji yakiingia kwenye buti la kushoto, nikijichukia kwa utulivu. Kisha nikapanda ngazi ghorofa nne.

Mwigulu alikuwa dirishani. Hakugeuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." "Umekiona kisima?"

"Nimekiona."

"Pampu ilivuta vizuri?"

"Ilivuta vizuri sana. Mzee, maji yanaingilia hapohapo."

Sasa akageuka. Nilimweleza kwa maneno machache nilivyoweza. Kwenye duara maji hayazuiliki, yanakuja tu, kwa hiyo unayachimbia mahali pa kukusanyikia ili mpira wa pampu uyapate. Kwenye shimo la lifti tumekwisha kuyafungia nje. Ukichimba kisima, umeyafungulia mlango.

Alisikiliza kama alivyonisikiliza mwezi wa tisa, mpaka mwisho.

"Ile siku," akasema, "maji yalianza asubuhi, kidogo tu. Tulikuwa na pampu nzima, mpya. Sikuwa nimechimba kisima. Nilikuwa na haraka na mwamba wa dhahabu, nikasema kesho. Mpira ukawa unavuta tope, unaziba, tunasafisha, unaziba. Ningekuwa na kisima, tungejua duara linazidiwa saa mbili kabla ukuta haujapasuka." Alitazama magoti yake. "Ulipoondoka nikaliangalia shimo lako nikaona halina kisima. Sikulala. Nikawaambia vijana wachonge."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Ni kweli, ningekataa.

"Jana nilikuwa ndani mle," akaendelea, kisha akajisahihisha, "leo. Leo asubuhi. Taa ilipozimika nikayasikia chini yangu. Sauti ileile. Nikawa nashukuru Mungu kwamba kisima kipo."

Nilikuwa nimepanda ngazi zile nikiwa na hotuba kichwani, na nusu yake ilikuwa ya kumlaumu. Iliniishia. Nikamwambia kile nilichopaswa kumwambia Mabula kwanza, kwamba nilisaini bila kushuka, na kwamba kama ningeshuka, kisima kile kisingedumu hata siku.

"Mimi ndiye niliyekuzuia," akasema.

"Saini ni yangu."

"Mabula anasema dawa yako ni mbovu. Vijana wanasema ni wewe kushuka."

"Nimewasikia."

"Nitawaambia."

"Mzee, hata ukiwaambia, swali langu ni lingine. Nikiziba, utaipanda tena?"

Aligeukia tena dirisha. Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yangu hasa, kuliko jina langu, na nililijua wakati nauliza. Kuziba tundu ningeweza. Lakini kama mtu yule hapandi lifti, basi amefungwa ghorofa ya nne mpaka mwisho wa maisha yake au arudi kubebwa kama gunia, na shimo likiwa kavu au limejaa haimsaidii kitu.

Usiku ule aliwaita vijana na Mabula chumbani kwake. Sikuwepo. Asubuhi Edson alinisaidia kushusha mifuko ya saruji kwenye pikapu bila kuambiwa, na alipomaliza akaniuliza, akitazama pembeni, kama dawa ile inachanganywa na maji kwanza au unga kwanza. Nikamwonyesha.

Kazi ilichukua siku nane na mvua haikutusaidia. Huwezi kuziba tundu ambalo maji yanasukuma. Tulitanua kisima mpaka kwenye zege zima, tukasimamisha bomba jembamba katikati ili maji yapitie humo na kutuacha tufanye kazi, tukajaza pembeni saruji ile inayoganda haraka, mkono ukiwa umeikandamiza mpaka inapata joto. Siku ya tano tukalikata bomba na kuliziba. Nilikandamiza mimi, Edson akiwa amepiga magoti karibu yangu akihesabu dakika. Kisha dawa, mara tatu. Juu, mvua iliendelea. Siku ya nane maji nje ya jengo yalikuwa hatua moja chini ya barabara na sakafu ya shimo ilikuwa na vumbi la saruji.

Nilipanda kumwambia Mwigulu. Alikuwa hajashuka tangu ile Jumanne.

"Sakafu ni kavu, mzee."

"Umeiona?"

"Nimeishika."

"Mimi nataka kuishika."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mabula, aliyekuwa mlangoni, alisema haiwezekani, shimo ni jembamba, na kwa nini ajitese. Mwigulu alisema yeye ndiye mkuu wa duara na haruhusu watu wapite juu ya shimo ambalo hajalikagua. Halafu akaniangalia. Lile neno lilinihusu na mimi, niliyesaini bila kukagua, na alikuwa ananionea aibu kidogo, au mimi ndiye niliyeona aibu. Nikasema ni sawa, nitatangulia.

Walimbeba ngazi za ghorofa zote kwenda chini. Kwenye mlango wa shimo vijana wakatoa kamba na kumfunga kiti cha kamba mapajani na kifuani, kama wanavyomshusha mtu mita sitini, ingawa pale palikuwa pa mita moja na nusu na Edson angeweza kumpokea mikononi. Sikuwacheka. Nilishuka kwanza, nikasimama kwenye kona. Mwigulu akaja taratibu, uso umetoka jasho, midomo imebana. Alipogusa sakafu alifumba macho.

Tukakaa chini wawili, mgongo ukutani, miguu yake imenyooshwa mbele na mabuti yangu pembeni yake. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Aliweka kiganja kwenye kona ya kushoto, mahali kisima kilipokuwa, akakiacha hapo muda mrefu. Akakinusa. Akakipangusa kwenye suruali na kukiweka tena.

"Pakavu," akasema.

"Ndiyo."

"Na maji yako wapi?"

Nikapiga ukuta kwa konzi, nyuma ya kichwa chake. "Hapa. Upande wa pili. Kimo cha bega lako."

Aligeuza kichwa akautazama ukuta ule. Nilijuta kumwambia. Kisha akaegemeza sikio juu yake, akasikiliza, na nadhani hakusikia kitu, kwa sababu mabega yake yalishuka na akaanza kupumua kama watu wengine.

Juu, Mabula aliita, akauliza kama tumemaliza. Vijana wakakaza kamba.

"Tangulia, Mama Martina," Mwigulu akasema, akinionyesha ngazi.

"Hapana."

"Mimi ndiye mkuu hapa. Mkuu anatoka wa mwisho."

"Najua utaratibu, mzee. Hili shimo nimelitilia saini mimi."

Alinitazama. Nilidhani atabishana, alikuwa mtu wa kubishana. Mvua ilikuwa inaongezeka, na Edson alikuwa ameinama mlangoni akisubiri aambiwe avute nani.

"Wabeja," Mwigulu akanishukuru taratibu kwa Kisukuma, kisha akainua mkono wake mmoja juu, kama wanavyofanya chini ya duara mtu akiwa tayari.

Wakamvuta. Nilimshikilia miguu isigonge ngazi mpaka ikapita kimo cha mikono yangu. Nilibaki peke yangu mle, nikazunguka kona zote nne nikizipapasa, moja baada ya nyingine, na zilikuwa kavu. Huko juu nilisikia magurudumu ya kiti yakisogezwa, na Mwigulu akimuuliza fundi wa Mwanza lifti itashushwa saa ngapi, maana ana duka la kufungua na funguo zake ziko juu.

"Mpaka mama atoke," fundi akamjibu.

Nikapanda.